Wasomaji Wauliza: Safari ya Kisiwa cha Msumbiji

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu Kisiwa cha Msumbiji, mji wa mawe ulioko mkoa wa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji. Wareno waliufanya makao makuu ya koloni lao hadi 1898, walipohamia Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1991. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

Naishi Mtwara. Kwenye ramani naona nikivuka Ruvuma pale Kilambo, napita Palma, Mocímboa da Praia na Pemba, nafika Nampula bila kuzunguka. Njia hii inapitika? (Dereva, Mtwara)

Ndugu dereva, kwa umbali hakuna njia fupi kuliko hiyo, na zamani wafanyabiashara waliipita sana. Sasa usiipite. Tangu Oktoba 2017 mkoa wa Cabo Delgado una vita vya waasi. Mocímboa da Praia ndiko vilikoanzia, na Palma yenyewe ilivamiwa Machi 2021. Utulivu wa miezi miwili mitatu usikudanganye, maana mashambulizi ya barabarani hurudi bila taarifa. Daraja la Umoja la Mtambaswala halikusaidii pia. Ni imara, lina urefu wa mita 720, lakini linakushusha Negomano, wilaya ya Mueda, mkoa uleule.

Zinabaki njia mbili za nchi kavu. Ya kwanza inatoka Songea, unavuka Ruvuma upande wa Mkenda na kuingia mkoa wa Niassa, kisha Lichinga, Mandimba, Cuamba na Nampula. Kipande cha kutoka mpakani kwenda Lichinga ni cha udongo, kwa hiyo Desemba hadi Aprili gari dogo litakwama, na ukikwama pale magari ya kukuvuta ni machache. Ya pili ni kupitia Malawi: Kasumulu, Karonga, Mzuzu, Lilongwe, Mangochi, unavuka Chiponde na kutokea Mandimba, halafu unaungana na njia ile ya kwanza. Ni ndefu zaidi ila ndiyo tunayoipendekeza, kwa sababu sehemu kubwa ni lami na kila mji una pa kulala. Tenga siku nne na usiendeshe usiku. Mbuzi na baiskeli zisizo na taa ndizo zinazoharibu safari za watu huko.

Asiyetaka kuzunguka apande ndege hadi Nampula, kupitia Maputo au Johannesburg. Mwenye pasipoti ya Tanzania huingia Msumbiji bila viza kwa siku 30. Wengine waangalie kwanza mfumo wa viza za mtandaoni wa Msumbiji kabla ya kukata tiketi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe ndani ya pasipoti, hasa kwa wanaotoka Kenya, Uganda na Kongo.

Kutoka Nampula hadi kisiwani ni usafiri gani? Niliambiwa basi linawashusha watu ng'ambo ya pili, kabla ya daraja. (Msomaji wa Dar es Salaam)

Ni kweli. Kutoka Nampula hadi kisiwani ni kama kilomita 180, lami tupu, unapita Namialo na Monapo. Usafiri wa kawaida ni chapa, yaani daladala ya huko. Hupatikana upande wa mashariki wa stesheni ya reli ya Nampula, barabara ya Avenida do Trabalho. Uliza swali moja kabla ya kutoa nauli: inafika Ilha, yaani kisiwani, au inaishia Monapo? Zinazoishia Monapo ni nyingi, na ukifika pale unaanza kusubiri upya.

Daraja lina urefu wa zaidi ya kilomita 3, lilijengwa miaka ya 1960, na upana wake ni wa gari moja. Magari hupishana kwenye vituo vilivyotanuliwa. Lina kikomo cha uzito, ndiyo sababu gari kubwa huishia Lumbo, bara, na abiria huhamia pikapu ndogo kwa kipande kilichobaki. Weka chenji karibu, nauli ya pikapu ni tofauti.

Kurudi ndiko kunakowatesa watu. Chapa za moja kwa moja huondoka kisiwani kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri. Ongea na dereva jioni ya jana yake, mwonyeshe nyumba unayolala, atakupitia. Na hapa kuna mtego kwa mtu wa Kiswahili: wao huhesabu saa kwa Kireno, kuanzia usiku wa manane. Akikwambia saa "quatro", yaani nne, anamaanisha saa kumi alfajiri. Ukielewa saa nne ya asubuhi, utaamka chapa ikiwa imeshafika Nampula.

Mwezi gani ni mzuri? (Msomaji wa Tanga)

Mei hadi Oktoba. Joto limepungua, mvua hakuna, kusi inapoza. Epuka Januari hadi Machi: kimbunga Gombe kiliingia nchi kavu eneo hilohilo Machi 2022, na Jude kikafuata Machi 2025, vyote viwili wilaya ya Mossuril, ng'ambo tu ya kisiwa. Novemba kuna jua kali na jasho, lakini vyumba hupatikana kwa urahisi.

Msumbiji iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja, na kisiwa kiko mashariki kabisa ya nchi. Matokeo yake jua huwahi kutoka na huwahi kuzama. Mwezi wa Juni, ikifika saa kumi na moja jioni jua linazama. Mgeni anayeamka saa tatu na kunywa chai taratibu amepoteza theluthi ya mwanga wake, na ndiyo theluthi nzuri ya kupiga picha. Anza kutembea saa kumi na mbili asubuhi, pumzika saa tano hadi saa nane, toka tena.

Ninapeleka wanafunzi wa sekondari kwa siku mbili. Tuanzie wapi ili wasichoke kabla hawajaona kitu? (Mwalimu wa historia, Mombasa)

Mwalimu, kisiwa chote ni urefu wa kilomita 3 na upana wa nusu kilomita hivi, hakuna gari linalohitajika. Siku mbili zinatosha, mradi mlale kisiwani. Makundi yanayokuja asubuhi na kurudi Nampula jioni hufika jua likiwa utosini, wakaiona ngome tu.

Anzeni ngome ya São Sebastião, ncha ya kaskazini, asubuhi mapema kabla mawe hayajapata moto. Ujenzi ulianza 1558 ukachukua hadi 1620. Wanafunzi wako wanaoijua Fort Jesus ya Mombasa watakuwa na cha kulinganisha, kwa hiyo waulize swali la ulinzi: kwa nini Waholanzi waliuzingira mji huu 1607 na 1608, wakauchoma, lakini ngome hawakuipata? Jibu moja lipo chini ya miguu yao. Kisiwa hakina chemchemi ya maji baridi. Uwanja wa ndani na mapaa ya ngome vimeinamishwa kidogo ili kila tone la mvua liingie kwenye birika kubwa lililojengwa ndani, na askari wenye birika lililojaa waliweza kungoja hadi mzingiraji augue au aishiwe chakula. Waonyesheni mifereji ya mawe inayopeleka maji, ifuateni kwa miguu hadi birikani. Nyumba za mjini nazo zina mapaa bapa kwa sababu hiyohiyo.

Pitieni ngomeni mtoke upande wa bahari, hadi kanisa dogo la Nossa Senhora do Baluarte, la 1522. Husemekana kuwa jengo la Kizungu la zamani kuliko yote yaliyosimama kusini mwa ikweta. Ni chumba kimoja tu. Muda mwingi uwe wa kutazama dari yake ya mawe yenye mbavu. Juu ya kuta za ngome hakuna vizuizi, na jiwe la matumbawe likilowa huteleza. Wagawe wanafunzi makundi ya kumi kumi, kila kundi na mtu mzima.

Mchana nendeni kasri la São Paulo, jengo jekundu lililoanza 1610 kama chuo cha mapadri Wajesuti na baadaye likawa makazi ya magavana. Humo mna fanicha zilizochongwa kwa mtindo wa Goa. Msiruke makumbusho ya bahari: vyombo vya kauri vya China vilivyotoka kwenye merikebu zilizozama huko ndivyo vinavyoeleza biashara ya Bahari ya Hindi kwa haraka kuliko ubao wa darasani.

Siku ya pili yote ipelekeni kusini, kwenye mji wa makuti. Sababu ipo katika jibu linalofuata.

Mbona picha za mji wa makuti zinaonyesha mapaa yakiwa sawa na barabara, kama nyumba zimezama? (Mwanafunzi wa usanifu majengo, Nairobi)

Zimejengwa shimoni. Mawe ya matumbawe ya kujengea mji wa kaskazini yalichimbwa kusini mwa kisiwa hikihiki, karne baada ya karne, hadi ardhi ikashuka mita kadhaa. Waliochimba, wengi wao watumwa na vibarua, wakajenga nyumba zao za fito, udongo na makuti ndani ya machimbo yenyewe. Ukisimama barabarani unatazama mapaa. Unashuka ngazi ndipo ufike mlangoni. Mitaa ya Litine, Esteu na Macaripe iko hivyo.

Mambo mawili yanatokana na hilo. Mvua kubwa ikinyesha maji hayana pa kutokea, yanasimama mitaani, na magonjwa ya tumbo hufuata. Pili, upepo wa bahari unapita juu ya mapaa, kwa hiyo chini kuna joto lisilotembea. Siku hizi bati limechukua nafasi ya makuti kwenye nyumba nyingi na limeongeza joto hilo, lakini anayelaumu wenyeji kwa kuharibu sura ya mji wa urithi afikirie kwanza gharama ya kuezeka upya makuti kila baada ya miaka michache.

Sehemu kubwa ya wakazi wa kisiwa wanaishi huko, wamebanana, huku kaskazini majumba yasiyo na mapaa yameota mizizi ya miti ukutani. Kwa hiyo mtu aliyeona ngome na kasri peke yake ameona upande ulioletewa mawe, hajaona yalikotoka. Ingia na kijana wa mtaa husika, mlipe, na usielekeze kamera uani kwa watu bila kuomba. Fukwe za upande huo zina taka na wengine hujisaidia hapo, kwa hiyo usiogelee. Kwa kuogelea, sogea upande wa ngome, au vuka bara hadi Chocas Mar.

Kuna ngome ndogo kwenye kijisiwa cha kusini. Inafikiwa kwa miguu? Na Cabaceira nako? (Wasomaji wawili, wa Unguja na Lindi)

Ngome ndogo ya São Lourenço inafikiwa kwa miguu maji yakipwa. Cabaceira Grande na Cabaceira Pequena ziko bara, ng'ambo ya ghuba, na huko huenda mashua. Safari hizi mbili zinataka maji ya aina tofauti, na wageni wengi huzipanga kinyume.

Siku za bamvua, kwenye tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu, maji hupwa sana kati ya saa tatu na saa tano asubuhi kwa saa za Msumbiji. Hizo ni siku za São Lourenço. Fika ufukweni saa moja kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, vaa viatu vya kufunga kwa sababu ya matumbawe na viumbe wa bahari wenye miiba, kaa kama nusu saa, rudi. Maji yakianza kujaa usisubiri picha ya mwisho. Hurudi kwa mifereji, unajikuta pembeni pakavu na katikati pana kina.

Siku za maji mafu, kwenye tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 25, mambo hugeuka: asubuhi maji yamejaa, na hata yakipwa hayaendi mbali. Hizo ndizo za Cabaceira. Mashua inasogea hadi karibu na mikoko, unashuka kwenye maji ya magoti. Ukienda asubuhi ya bamvua, nahodha atakushusha mbali sana, utatembea kwenye tope, na mashua italala mchangani hadi alasiri. Huko Cabaceira Grande kuna kanisa la Nossa Senhora dos Remédios la 1579. Cabaceira Pequena kuna misikiti ya zamani na kisima kinachohusishwa na Vasco da Gama, aliyefika maeneo haya Machi 1498. Geukeni kurudi kabla ya saa saba, kwa sababu alasiri kusi huongezeka na mashua ndogo inachukua maji.

Sasa usalama. Tarehe 7 Aprili 2024 chombo cha uvuvi kilichotoka Lunga, bara, kuja kisiwani kikiwa na watu kama 130 kilipinduka, wakafa zaidi ya 90, wengi wao watoto. Hakikuwa chombo cha abiria na kilijaa kupita kiasi. Watu walikuwa wakikimbia uvumi wa kipindupindu. Usipande mashua ya usafiri wa kijijini iliyojaa, hata kama nauli ni ya kutupa. Kodi mashua ya tanga ya watu sita hadi wanane, vaa jaketi la kuokolea kabla ya kuondoka, na mwangalie nahodha kama ana kitu cha kuchotea maji yanayoingia na kasia za akiba. Asipokuwa navyo, mshukuru, tafuta mwingine.

Mimi na mama yangu ni Waislamu, yeye hajui Kireno hata neno. Tutaelewana na watu? Chakula je? (Dada wa Bagamoyo)

Dada, mama atajisikia karibu na nyumbani kuliko wewe. Wakazi wengi wa kisiwa ni Waislamu. Tarika ya Shadhiliya ilifika hapo 1897 kupitia Ngazija, na Kadiria ikafuata miaka michache baadaye kutoka Zanzibar, na bado zina nguvu. Maulidi husomwa, na wanawake wana ngoma yao ya tufo, inayopigwa matari manne na kuimbwa kwa sare za kapulana, kanga za huko. Mwulize mwenyeji wenu kama kuna kundi linalofanya mazoezi jioni.

Lugha ya mtaani ni Kimakua, lahaja ya Enahara. Kiswahili hakizungumzwi, ingawa utawakuta wazee na wafanyabiashara wachache wanaokijua. "Salama" kama salamu inaeleweka, "koxukhuru" ni asante. Kwa bei za sokoni jifunzeni namba za Kireno hadi mia, zinatosha. Kanga na mtandio havimshangazi mtu. Msikitini ulizeni kwanza kuhusu sehemu ya wanawake, si kila msikiti una nafasi hiyo.

Kula asubuhi bajia na apas, ambazo ni chapati kwa jina jingine. Mchana tafuteni matapa ya siri-siri: mboga ya pwani inayopikwa kwa tui la nazi na korosho, ikaliwa na wali na samaki. Achari ya embe bichi haikosekani. Nyama ya kuku mjini kwa kawaida imechinjwa kihalali, lakini hoteli za watalii hupika nguruwe na kuuza pombe, ulizeni kabla ya kuagiza. Maji ya bomba msinywe.

Vijana ufukweni wanauza shanga za kale na sarafu za merikebu zilizozama. Ninunue? (Mkusanyaji, Dubai)

Hapana. Shanga ndogo za biashara ya zamani husogezwa ufukweni na mawimbi na watoto huziokota kweli. Lakini sarafu na vigae vya kauri hutolewa kwenye mabaki ya meli, na kila kipande kinachong'olewa kinaharibu ushahidi wa wataalamu wa elimukale. Sheria ya Msumbiji namba 10 ya 1988 inalinda mali ya urithi wa kitamaduni, na ukikamatwa nayo uwanja wa ndege ni juu yako. Na nyingi ya sarafu hizo ni bandia. Kama unataka kumsaidia kijana, nunua mkufu wa shanga mpya kwa wafua fedha wa mjini.

Hapa Cape Town tunaonyeshwa mabaki ya meli ya watumwa iliyotoka Msumbiji. Kisiwani kuna kumbukumbu yake? (Mkenya aishiye Cape Town)

Hiyo ni São José Paquete d'Africa, iliyoondoka kisiwani Desemba 1794 kuelekea Maranhão, Brazil, ikiwa imebeba watu zaidi ya 400. Ilizama karibu na Cape Town tarehe 27 ya mwezi huohuo na zaidi ya 200 wakafa maji, walionusurika waliuzwa. Mabaki yalitambuliwa na kutangazwa 2015, na mwaka huo udongo wa Mossuril ulipelekwa Cape Town ndani ya chombo kilichopambwa kwa simbi za baharini na kumwagwa baharini mahali ilipozama. Kisiwani nenda Jardim da Memória, bustani ya kumbukumbu ya watumwa iliyoko ufukweni. Maelezo yake ni machache, kwa hiyo soma kwanza maonyesho ya makumbusho ya Slave Lodge hapo Cape Town.

Fedha je? M-Pesa yangu itafanya kazi? (Msomaji wa Arusha)

Haitafanya. Msumbiji wana M-Pesa yao kwa laini ya kwao. Shilingi hazibadilishwi Nampula, chukua dola safi zisizochanwa na uzibadilishe metikali benki ukiwa Nampula. Mashine za benki kisiwani zipo lakini mwisho wa wiki hukaukiwa. Noti ya metikali 1,000 wauza bajia hawana chenji yake. Omba za 50 na 100.